Mfagizi Migombani

Bomba lilimeguka mkononi mwa Atuganile kama andazi la juzi, na wala hakuwa amelibana. Alibaki ameshika kipande chenye unga mweupe, maji yakimrukia kwenye sketi, huku fundi Gwakisa akimtazama kwa jicho la mtu aliyesema mapema na hakusikilizwa.

"Si nilikwambia?" Gwakisa alisema. "Tunaweka mapya, yanaliwa. Tunaweka mengine, yanaliwa. Watu wanadhani nauza mabomba ya maana halafu nawafungia ya magendo. Mimi nimechoka, dada."

Atuganile naye alikuwa amechoka, ila yeye hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa mkuu wa Dawati la Jamii katika Mfumo wa Afya wa Kanda, na alipanda huku Isyeto kwa sababu muuguzi wa zahanati alimpigia simu akilia. Amemzalisha mwanamke kwa maji ya kuteka mtoni! Hayo yametokea katika kanda ambayo mabango yake yanajitapa kuwa hospitali zake hazitoi takataka hata ya kujaza kikombe.

Alichomoa kinusi mfukoni, kile kidude kidogo kama kiberiti ambacho wauguzi hukitumia kunusa vijidudu wodini, akakigusisha kwenye ule unga mweupe. Alitegemea kitamwambia chokaa, au kutu ya aina fulani.

"Mfagizi," kinusi kilisema kwa sauti yake ya upole. "Chimbuko, Hospitali ya Kanda. Yuko hai. Ana afya njema."

"Kinamsema nani?" Gwakisa aliuliza.

Mfagizi alikuwa fahari ya kanda nzima. Ni kuvu aliyetengenezwa maabara ale plastiki: glavu, mabomba ya sindano, mirija ya dripu, kila kitu ambacho zamani kilichomwa na kuwapa watu wa bondeni kifua. Tanuri lilibomolewa kwa sherehe na ngoma, na mahali pake pakachimbwa shimo la Mfagizi. Na wahandisi hawakuwa wajinga, walimfunga kamba. Walimuumba asiweze kuanza kukua bila damu. Taka za hospitali hazikosi damu, kwa hiyo shimoni angeshiba, lakini akitoroka nje asingepata pa kuanzia na angekufa jioni ileile.

Aliinua macho afuate njia ya bomba. Lilipita chini ya uzio wa mama Tupokigwe na kukatiza katikati ya migomba yake. Pale mgombani, kando ya mfereji, palikuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe. Atuganile aliyajua mawe yale. Alikuwepo yalipopangwa, alipiga na picha.

Maana ni yeye aliyelileta jambo hili. Zamani hospitali ilichoma kondo la nyuma pamoja na bandeji, na wanawake wa milima hii, ambao kwao kondo hufukiwa mgombani ili mtoto ajulikane na ardhi ya kwao, waliona afadhali wazalie nyumbani. Walizalia nyumbani na wakafia nyumbani. Dada yake, Ikupa, alimalizikia kwenye sakafu ya jiko la mama yao. Atuganile alipigana na mfumo mpaka ukakubali kila mzazi aondoke na kondo lake, na wanawake wakaanza kushuka hospitali kwa makundi. Na kwa kuwa plastiki ilipigwa marufuku kutoka getini, Dawati la Mazingira likashona mfuko wa kubebea, mfuko mzuri wa kijani, uliofumwa huku Mfagizi akiwa amelala ndani yake. Unaoza wenyewe, bango lilisema.

Kwa hiyo walimchukua kuvu mwenye njaa ya damu, wakamfunga na fungu la damu, wakamfukia kwenye udongo wenye joto na samadi, hatua mbili kutoka kwenye bomba la plastiki. Kisha wakapiga makofi.

"Umeona nini?" Gwakisa aliuliza tena.

"Nimeona upumbavu wetu."

Sekela alitokea kwenye njia ya mtoni, mkwe wa mama Tupokigwe, ndoo kichwani na mimba mbele, anatembea kwa kuegemea nyuma. Atuganile alimkimbilia kumtua. Huyu alipojifungua mtoto wake wa kwanza alitoka damu hadi madaktari wakaanza kunong'onezana, na walisema wazi kwamba mimba nyingine isijaribiwe nyumbani.

"Dada Atu, mama amekubali," Sekela alisema, anahema na kucheka. "Siku zikifika nakuja kwenu. Mfuko wangu ule wa kijani uwe tayari."

*

"Hilo si la dawati langu," alisema Mhandisi Lugano, mkuu wa Dawati la Mazingira.

Walikuwa ofisini kwa mkurugenzi, Daktari Ambakisye, na kipande cha bomba kilikuwa juu ya meza kikiendelea kuwa unga. Lugano alikivuta karibu, akakisogeza, akakivuta tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo vyake vilikuwa sahihi.

"Mfuko tuliupima kwa shimo la hospitali," aliendelea. "Kwamba utakwenda kufukiwa shambani na kondo ndani, hayo ni mambo ya mila. Mila ni Dawati la Jamii."

"Na mimi niliambiwa mfuko ni salama! Usalama ni Mazingira!"

"Salama shimoni, dada Atu."

"Wewe ulidhani wanakwenda nayo wapi, Lugano? Sokoni?"

"Sikudhani. Hakuna aliyeniuliza."

Atuganile alitamani kumrushia lile bomba. Walikuwa wanatupiana mpira tangu asubuhi, na yeye mwenyewe alikuwa ameurusha mara kadhaa, jambo lililomuudhi kuliko yote. Mfumo huu ulikuwa na tuzo ya kujali watu na tuzo ya kujali ardhi, zimetundikwa kuta mbili zinazotazamana, na katikati yake hapakuwa na hata kiti.

"Kuvu huyu atafika wapi?" mkurugenzi aliuliza.

Lugano alichora kwa kidole hewani, na bonde zima likajichora juu ya meza. Akishaanza, alieleza, Mfagizi hahitaji damu tena. Anatandaza nyuzi na kufuata plastiki, na kila palipofukiwa kondo ni kituo kipya cha kuanzia. Nyuzi zikishuka na bomba zitafika kwenye tangi kuu, ambalo nalo ni plastiki tupu. Tangi hilo ndilo linalonywesha bonde, na ndilo linaloendesha mashine za figo na vitanda vya watoto njiti. Kinachomuua ni moto, na mahali penye majivu harudi.

"Basi yafukuliwe yachomwe," Atuganile alisema. "Kesho naitisha mikutano, nawaeleza."

"Hapana." Daktari Ambakisye alikuwa mpole siku zote, na upole wake ndio uliokuwa ukimchosha mtu. "Wakaguzi wa Cheti cha Kanda Safi wako njiani. Kile cheti ndicho kinachotuletea dawa. Yafukuliwe, ndiyo, lakini kimyakimya. Tunayo fuko."

Fuko ilikuwa mashine, yenye jina la yule mnyama mchimbaji, ya kupitisha nyaya chini ya wodi bila kuvunja sakafu. Ingeweza kuzama ardhini mbali na mgomba, kutambaa, kuchukua kitu na kurudi bila kuacha jeraha juu.

"Tuwaibie?"

"Tuwaokoe. Fikiri, Bi Atuganile. Uwaambie wanawake kwamba ile zawadi uliyowapa kwa mikono miwili ndiyo inayokula maji yao. Nani atapanda kitanda chetu tena? Yule mzazi wako wa Isyeto atakuja?" Alimsogezea funguo za fuko. "Dada yako alifia wapi?"

Lilikuwa neno la kikatili, na baya zaidi, lilikuwa la kweli. Atuganile alichukua funguo mezani na kutoka, na mlangoni alijigonga bega kwa hasira hata asisikie maumivu.

*

Walichagua siku ya soko, Isyeto ikiwa tupu. Atuganile alikataa kupewa vijana wa kazi. Kama ni wizi, alisema, ataiba mwenyewe.

Aliiweka fuko nyuma ya choo cha mama Tupokigwe, ikazama bila kelele. Kwenye kioo cha mkononi aliona mizizi ikipita, mawe, kigae cha chungu. Kisha ikafika chini ya tuta. Hata kabla mashine haijarudi aliona kwamba mfuko wa kijani haukuwepo tena. Zilikuwapo nyuzi nyeupe tele, zimelikumbatia bonge dogo jeusi, zimelipita kila upande zikielekea bombani.

Fuko iliibuka na kumwekea lile bonge kwenye glavu. Lilikuwa jepesi mno. Hili lilikuwa la Lusajo, mtoto wa kwanza wa Sekela, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kutukana kuku. Kopo la chuma lilikuwa wazi pembeni. Alichotakiwa kufanya ni kulitia humo, kufunga na kwenda nyumba ya pili.

"Unatafuta nini kwangu, mwanangu?"

Mama Tupokigwe alisimama kwenye kona ya choo, ndoo mkononi. Hakwenda sokoni. Angekwendaje, wakati maji ya nyumba nzima yalikuwa yanasubiri miguu yake?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza."

Uongo ulikuwa tayari. Waliufanyia mazoezi ofisini: tunapima rutuba ya udongo, ni bure, ni kwa faida yenu. Atuganile alifumbua kinywa autoe. Lakini mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele na kile kitu juu yake, na hakuna rutuba inayoonekana hivyo. Akasema kweli, yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika: mfuko, kuvu, bomba, tangi, cheti, na kwamba alitumwa aje wakati hawapo.

Mama Tupokigwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alitua ndoo.

"Na pale chini ungeweka nini?"

"Mama?"

"Ukishachukua. Ungeweka nini pale?"

"Udongo tu."

"Udongo." Aliligeuza neno mdomoni. "Mimi kila jioni namleta mjukuu wangu hapa namwambia, hapa ndipo kwenu, hata ukienda wapi. Ningeendelea kumwonyesha udongo mpaka nife. Na wewe ungekuwa unanipita njiani unaniamkia."

Machozi yalimtoka Atuganile, na hayo nayo yalimkera, maana hakuona kama ana haki nayo.

"Ndaga fijo kwa zawadi yenu," mama Tupokigwe alisema, na asante ile ilichoma kuliko tusi. "Sekela haji kwenu. Mwambie daktari wako."

"Mama, nakuomba. Mimi nichukie. Mnifukuze kijijini. Lakini Sekela akizalia hapa atakufa, unajua atakufa, ulikuwepo!"

"Nilikuwepo. Ndiyo maana niliwaamini." Alimnyang'anya lile bonge kwa mikono mitupu. "Kinachomuua mdudu wenu ni nini?"

"Moto."

"Basi moto utakuja hapa. Huyu haendi kwenye kopo lako."

Alichimba mwenyewe kwa jembe, akawasha kuni ndani ya shimo, akaliweka lile bonge juu yake. Moto ulipokwisha alirudishia udongo juu ya majivu na kupanga mawe yake upya. Atuganile alitaka kusaidia kubeba mawe. Hakuruhusiwa hata moja.

Habari zilifika sokoni kabla wanunuzi hawajafungasha. Nyumba nyingine zilifukua na kuchoma kama mama Tupokigwe alivyofanya, nyingine zilimkataza Atuganile kukanyaga ua wao, na mwanamke mmoja alimmwagia maji machafu, akaomba radhi kwa kuyapoteza maana maji yenyewe ni ya shida. Gwakisa alifuata nyuma yake nyumba kwa nyumba akimwaga majivu kwenye mitaro ya mabomba, akinung'unika. Ujumbe wa mkurugenzi ulimkuta njiani. Alikuwa amesimamishwa kazi, kwa kuhatarisha imani ya jamii. Aliusoma, akacheka kicheko kibaya, akaendelea kutembea.

Lakini Sekela alibaki nyumbani. Kila Atuganile alipokwenda aliambiwa amelala. Alikuwa anamsikia akikohoa ndani.

*

Uchungu ulimkuta Sekela mchana, na damu ikatangulia. Mama Tupokigwe alipoiona kwenye kanga alitoka uani na kumkuta Atuganile ameketi juu ya jiwe nje ya uzio, mahali alipokuwa amehamia karibu kabisa.

"Ita gari," alimwambia. "Lakini mfuko wenu kaeni nao."

Alikata jani la mgomba, akalibabua motoni kidogo kidogo mpaka likalainika bila kupasuka, akalikunja na kulikumbatia kifuani. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake, kabla ya mtu yeyote kuja kuwashonea kitu. Atuganile alilitazama lile jani na kujisikia kichaa. Limekuwepo siku zote. Miaka yote ile ya vikao, hakuna aliyewauliza wanawake walikuwa wanafungia nini zamani, hata yeye, mtoto wa milima hiihii.

Gari lilijiendesha likawashusha mbele ya Hospitali ya Kanda. Mlango wa vioo uliwachungulia na kuwanusa.

"Karibuni sana," Mlango ulisema. "Mzazi anakaribishwa. Mmebeba mmea usiosajiliwa. Tafadhali uacheni nje kwa ajili ya usafi wa mazingira."

"Muache aingie, mama," Atuganile alisema. "Jani nitalishika mimi, nitaliingiza, naahidi."

"Ahadi zenu nazijua." Mama Tupokigwe alikuwa amemshika Sekela kwapani. "Anaingia na jani lake, au turudi."

"Mama, naona giza," Sekela alisema taratibu.

Atuganile aligusisha kadi yake. "Kadi hii imesimamishwa," Mlango ulisema. "Samahani kwa usumbufu." Aliupiga kwa ngumi. Aliupiga teke. Uliomba samahani tena kwa sauti ileile. Damu ilikuwa imefika kwenye kisigino cha Sekela na kuchora mstari kwenye vigae vyeupe, na Mlango, kwa adabu zake zote, ulimtuma mfagiaji mdogo wa magurudumu aje aipanguse.

Ndani, upande wa pili wa kioo, wakaguzi walikuwa wanatembezwa. Daktari Ambakisye alikuwa anawaonyesha ukuta wa tuzo. Lugano alikuwa nyuma yao, na ndiye aliyegeuka.

Aliwaona. Atuganile alimtazama machoni kupitia kioo, na hakumpungia mkono wala kumwita, kwa sababu alijua Lugano angesema si la dawati lake. Mlango ukizuiwa kwa nguvu, kengele hulia hospitali nzima na usafi wa jengo unahesabiwa umevunjika. Wakaguzi wangeisikia wakiwa wamesimama palepale. Lugano alitazama jani. Akatazama kile kisigino. Kisha akachukua kiti cha wageni, kiti kizito cha mninga, akagusisha kadi yake, na vioo vilipofunguka akakisukumiza katikati ili visilifungie jani nje.

Kengele ilipasua masikio.

"Mhandisi!" Daktari Ambakisye alipiga kelele. "Hili ni la dawati gani?"

"Sijui, mkuu," Lugano alisema, tayari amemwinamia Sekela. "Nisaidieni miguu."

Wakampitisha juu ya kiti. Mkaguzi mmoja alishika miguu. Jani lilipita nao, kifuani kwa mama Tupokigwe, akitembea wima.

Baadaye waliketi kwenye benchi la ukumbini, mama Tupokigwe na Atuganile, na kengele ilikuwa imezimwa ila kiti kilikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kukitoa. Kwa mbali walisikia mkurugenzi akiwaeleza wakaguzi jambo kirefu. Cheti kilikuwa kimekwenda na maji, au kitakwenda, na dawa za nusu ya kanda pamoja nacho, na Atuganile hakujua kesho watafanya nini. Hakuna aliyejua.

Kilio cha mtoto kilikuja kwanza. Kisha daktari wa zamu, jasho limemjaa, akasema mama mtu yu hai, amemaliza damu ya akiba yote lakini yu hai. Nyuma yake alikuja muuguzi amebeba jani lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, vizuri kabisa. Huenda naye alikuwa mtu wa milimani.

Mama Tupokigwe alilipokea. Alilipima uzito mkononi kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Atuganile na kumwekea mapajani.

"Hili utalifukia wewe," alisema. "Pale pale penye majivu, na mikono yako mwenyewe. Nitakuonyesha. Halafu siku wakikutuma tena na mashine yenu, uje ulichukue."

Atuganile alilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa bado lina joto.